Vizibo, minyororo na mzegazega: shajara ya wiki nane kabla ya mtihani wa mchujo

Jumamosi, 6 Julai 2024

Kesho Sabasaba, gereji nimeifunga mapema, na mbele yangu vijana watatu wamekalia matairi. Kiwanda kimoja hapa Tanga kimetangaza nafasi za wanagenzi, ufundi mitambo na ufundi umeme. Kabla ya usaili kuna mtihani wa mchujo: hesabu, sayansi ya kawaida, na kile wanachokiita ufahamu wa mitambo. Siku yenyewe ni Alhamisi ya tarehe 29 Agosti. Tuna wiki nane kasoro siku mbili.

Naandika shajara kwa sababu mwaka juzi nilimsaidia kijana mwingine, akafeli. Nilipotaka kujua tulikosea wapi, kitu pekee kilichobaki ni daftari lake, nalo limejaa majibu sahihi niliyomwandikia mimi mwenyewe.

Majina siyaweki. Wa kwanza ni mpwa wangu, kamaliza kidato cha nne, na hesabu za kichwa anazimaliza wewe hujatafuta kalamu. Wa pili ni binti wa jirani. Babake ni fundi baiskeli huko Ngamiani, na yeye tangu yuko darasa la tano anafunga spoku na kuziba pancha. Wa tatu tunamwita Ostadhi, maana amesoma madrasa mpaka akaanza kuwafundisha wadogo, na siku za mapumziko huingia baharini na babake.

Nimewapa karatasi ya majaribio niliyoiunga kutoka kwenye mitihani ya zamani niliyopakua: maswali 40, dakika 30. Mpwa kapata 24, binti 17, Ostadhi 15. Alama zenyewe hazikunishtua. Kilichonikalisha chini ni swali la 31. Kuna picha ya gia tatu kwenye mstari mmoja, meno yameshikana. Ya kwanza inazunguka kwa kufuata mshale wa saa, sasa ya pili inazunguka upande gani? Binti, ambaye kashika gia nyingi kuliko wenzake wote wawili na labda kuliko mtunga swali, amejibu inazunguka upande ule ule.

Jumatatu, 8 Julai

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Bahati nzuri nikamuuliza kwanza: hili jibu lako limetoka wapi?

“Mjomba, si ndivyo inavyokwenda? Ukikanyaga pedali kwenda mbele, na gurudumu la nyuma linakwenda mbele.”

Tukaipindua baiskeli, tandiko chini, tukazungusha pedali. Kweli. Gia ya mbele na ya nyuma zinakwenda upande mmoja, kwa sababu kati yao kuna mnyororo. Mnyororo hufanya kama mkanda: unavuta juu ya gia zote mbili kuelekea upande mmoja. Gia zinazoshikana meno kwa meno ni habari nyingine. Pale zinapokutana, meno yote yanasukumana kwenda upande mmoja, kwa hiyo moja ikienda kulia, mwenzake lazima ageuke kushoto. Binti hakukosea kuhusu gia anazozijua. Alijibu swali la mnyororo kwenye picha isiyo na mnyororo.

Ostadhi akaokota vizibo vya soda nje ya duka la jirani. Kizibo kina meno 21, hesabu mwenyewe. Tumevitoboa katikati, tukavipigilia kwa misumari kwenye ubao, vimelegea kiasi cha kuzunguka, meno yameingiliana. Ukigeuza cha kwanza kulia, cha pili kinakwenda kushoto, cha tatu kulia. Tumeongeza mpaka saba. Namba witiri, wa kwanza na wa mwisho wanakwenda upande mmoja. Namba shufwa, wanapingana. Hiyo kanuni niliwahi kuikariri shuleni, lakini sikumbuki kama niliwahi kuiona ikitembea.

Kwenye daftari la masahihisho tumeongeza safu moja: “Limetoka wapi?” Hakuna kupiga mkasi jibu kabla safu hiyo haijajazwa.

Jumamosi, 13 Julai

Baiskeli tena. Mbele meno 44, nyuma 18. Mpwa kagawa kichwani: 2.44. Yaani pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na karibu nusu. Tairi la inchi 28 tumelizungushia uzi, mzingo umetoka mita 2.24. Zidisha, unapata kama mita 5 na nusu kwa kila mzunguko wa pedali. Tukapiga mstari wa chaki barabarani, binti akasukuma baiskeli taratibu kinyumenyume huku Ostadhi anaichunga pedali irudi palepale ilipoanzia, tukapiga mstari wa pili. Mita 5 na sentimita 46. Wapita njia walidhani tunapima kiwanja.

Kutoka hapo wameelewa wenyewe jambo linaloulizwa kwa sura ishirini. Gia ndogo ikiendesha kubwa, kasi inapungua na nguvu ya kuzungusha inaongezeka kwa kiasi kile kile. Meno 12 yakiendesha 36, kasi inakuwa theluthi na nguvu ya kuzungusha mara tatu. Mtego unaopendwa ni kuweka gia ya tatu katikati, ndogo au kubwa, kisha kuuliza uwiano. Ya katikati haibadilishi uwiano kabisa. Kazi yake ni kugeuza upande tu.

Jumatano, 17 Julai

Umeme umekatika. Gizani tumeulizana vipeo vya pili hadi 25 kwa mdomo. Ostadhi ndiye wa kwanza kwa sasa. Mtu aliyehifadhi kwa sauti hachoki haraka.

Jumamosi, 20 Julai

Siku ya sehemu, na leo nimefundishwa mimi.

Ostadhi alikosa maswali yote sita ya sehemu kwenye karatasi ya kwanza. Ukimwandikia 1/8 + 1/6 + 1/2, anaangalia pembeni. Nikakumbuka huyu mtu kasoma mirathi. Nikamwambia: mtu kafariki, kaacha mke, mama, binti mmoja na ndugu yake wa baba na mama. Wagawie.

Hata hakuomba kalamu. “Mke thumni kwa sababu kuna mtoto. Mama sudusi. Binti nusu. Asili ya mas’ala ni 24. Mke 3, mama 4, binti 12, jumla 19. Ndugu ni asaba, anachukua 5 zilizobaki.”

Mpwa alibaki mdomo wazi. Ile 24 ndiyo kigawe kidogo cha shirika kinachomtoa Ostadhi jasho kila akikiona darasani. Alikuwa nacho miaka yote, kwenye chumba kingine cha kichwa chake, na hakuna aliyewahi kumfungulia mlango kati ya chumba hicho na cha hesabu. Nusu, theluthi, robo, sudusi, thumni, ushuri: maneno ya sehemu tunayo toka zamani, tunayatumia kugawana minazi na viwanja, halafu tukifika darasani tunajifanya sehemu zimekuja na meli.

Kwa saa moja nzima Ostadhi aligeuza kila swali kuwa maiti na warithi wake. 2/3 ya 3/4? “Robo tatu ya shamba, wakapewa mabinti theluthi mbili yake, ni nusu ya shamba.” Sahihi. Kugawanya sehemu kwa sehemu bado kunampa shida, kwa sababu kwenye mirathi halimo. Hilo tutalitafutia kopo na ndoo.

Jumanne, 23 Julai

Maswali mengi ninayoyapata bure ni ya ASVAB, mtihani wa kuingilia jeshi la Marekani, ulioanza kutumika mwaka 1968. Wenzetu wana desturi ndefu na mambo haya. Mwaka 1917 jeshi lao lilikuwa na mitihani miwili, Alpha kwa wanaosoma, na Beta, yenye picha, kwa wasiojua kusoma Kiingereza. Mwaka 1940 George Bennett akatoa mtihani wake wa ufahamu wa mitambo, ule wa picha za gia na nyenzo ambao sura yake unaiona mpaka leo kwenye kila karatasi ya aina hii. Sisi karatasi yetu itakuwa ya Kiingereza, kwa hiyo kila neno la kazi vijana wanaliandika daftarini kwa lugha zote mbili: kani, egemeo, msuguano, ukinzani, kanieneo. Beta ingewafaa.

Tatizo la maswali ya Marekani ni inchi, futi na pauni. Dawa iko ukutani hapa gerejini, kwenye kibao cha spana. Inchi moja ni milimita 25.4. Spana ya robo tatu ya inchi: 0.75 mara 25.4, unapata 19.05. Ndiyo maana spana namba 19 inaingia bila kelele. 5/16 ni 7.94, namba 8 inafaa. Nusu inchi ni 12.7. Watu wanapiga spana 13, inacheza kidogo, siku nati imekaza inakula kichwa. Na 9/16 ni 14.29, kwa hiyo 14 haiingii hata ukiibembeleza. Binti kajaza jedwali la saizi kumi na moja, kila moja akiigeuza desimali kisha akiijaribu kwenye nati. Sehemu kuwa desimali: imekwisha.

Jumamosi, 27 Julai

Nyenzo na makapi ya kupitishia kamba. Hili ndilo eneo lenye alama nyingi, nimelipa mchana mzima.

Wenzo nimeanza na mzegazega. Mti wa mita 1.6, ndoo mbili, moja ya lita 20 imejaa, nyingine tumeitia lita 12. Bega likae wapi? Wote watatu wanajua: karibu na ndoo nzito. Karibu kiasi gani ndipo ubishi ulipoanza. Mpwa akaweka mlinganyo, kilo 20 mara umbali wake sawa na kilo 12 mara umbali wa pili. Ikatoka mita 0.6 upande mzito na mita 1.0 upande mwepesi: 20 mara 0.6 ni 12, na 12 mara 1.0 ni 12. Tukatia alama kwa chaki. Ostadhi akafumba macho, akaubeba, akausogeza mpaka ukatulia. Alikosa alama yetu kwa upana wa vidole viwili. Bega linajua kuzidisha.

Toroli ni ndugu yake, ila egemeo liko mwisho, kwenye gurudumu. Mzigo wa kilo 60 uko nusu mita kutoka ekseli, mikono iko mita 1.5. Unanyanyua kilo 20 tu. Swali la picha likikuuliza mzigo ukae wapi iwe rahisi kunyanyua, jibu ni karibu na gurudumu, na anayebisha akasukume mchanga.

Kisha makapi, ambayo vitabuni wanayaita roda. Picha: makapi mawili, yote yamefungwa darini, mzigo wa kilo 80, mtu anavuta upande wa pili. Anavuta kwa nguvu ya kilo ngapi, tukiacha msuguano? Ostadhi: 40.

Limetoka wapi? “Chomboni. Kamba ya kupandishia foromali, ule mti unaobeba tanga, inapita kwenye makapi mawili, na ukiondoa moja huwezi kuipandisha peke yako.”

Kweli kabisa. Lakini chomboni kapi moja liko kileleni mwa mlingoti na la pili linapanda pamoja na foromali. Hilo linalopanda ndilo linalokusaidia. Kapi lililofungwa mahali pake linageuza upande wa kuvuta tu, ili mtu avute chini badala ya kuvuta juu. Ukifunga makumi darini, kilo 80 zitabaki 80, na kwa msuguano zitazidi. Tumejaribu kwa ndoo ya lita 10 na mizani ya kuning’iniza. Kwenye kapi la darini mizani ilisoma kilo 10 na ushei. Kwenye kapi linalopanda na ndoo, tano na nusu hivi, maana kapi lenyewe lina uzito wake na ekseli inasugua. Halafu tukapima kamba: kuinua ndoo mita moja tulivuta mita mbili. Hakuna cha bure.

Kanuni waliyoiandika wenyewe: hesabu kamba zinazobeba mzigo, usihesabu makapi.

Jumamosi, 3 Agosti

Karatasi ya pili ya majaribio, 40 kwa dakika 30. Mpwa 27, binti 25, Ostadhi 23. Wawili wamepanda vizuri. Mpwa amekasirika.

Alama zake zinavuja kwenye maswali mepesi. Gari linakwenda kilomita 120 kwa kasi ya 60, linarudi njia ile ile kwa kasi ya 40. Wastani wa kasi? Kajibu 50, kwa sekunde tano. Limetoka wapi? “60 na 40, gawa kwa mbili.” Hiyo 50 ni sahihi kwa dereva aliyeendesha saa moja kwa 60 na saa nyingine kwa 40. Huyu wa swali kaenda kwa saa 2, karudi kwa saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Alikaa muda mrefu kwenye mwendo wa polepole, kwa hiyo mwendo huo una uzito zaidi.

La pili: shati la shilingi 25,000 limepandishwa bei asilimia 20, kisha likapunguzwa asilimia 20. Kasema limerudi 25,000. Limepanda 30,000, na asilimia 20 ya 30,000 ni 6,000, limebaki 24,000. Wauza mitumba wote wa sokoni wanaujua mchezo huu, na mama yake mmojawapo. Nimemtuma akamwulize. Karudi kimya.

La tatu ni mafundi wawili, mmoja anamaliza ukuta kwa siku 6, mwingine kwa siku 3, wakifanya pamoja. Kasema siku 4 na nusu. Kwa hiyo fundi wa siku 3 akipata msaidizi anachelewa? Alicheka mwenyewe kabla sijamaliza kuuliza. Kwa siku moja wanajenga sudusi na theluthi, yaani nusu. Siku 2.

Tatizo la mpwa ni haraka. Nimempa adhabu moja: kabla ya kuandika jibu aseme kwa sauti kama linaweza kuwa kweli.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane, kazi hakuna. Tumefungua jeki ya chupa iliyokufa. Ndani kuna pistoni mbili, nyembamba unayoipampu na nene inayonyanyua gari, na mafuta kati yake. Karatasi inasema: nyembamba kipenyo sentimita 1, nene sentimita 4, unasukuma kwa nyutoni 100. Mpwa, polepole safari hii: “400. Nne kwa moja.” Binti: “Hapana, eneo.” Akaenda jikoni kwetu akarudi na chapati mbili, moja ya sentimita 10 na nyingine 20, unene mmoja, akamwuliza ipi imekula unga mara nne. Kipenyo kikiongezeka mara 4, eneo linaongezeka mara 16. Nyutoni 1,600. Na ili gari lipande sentimita 1, pistoni nyembamba lazima iwe imesafiri jumla ya sentimita 16. Ndiyo maana unapampu mpaka mkono unauma.

Chapati zililiwa kabla ya swali la tatu.

Jumapili, 11 Agosti

Umeme. Fomula ni chache: volti ni mkondo mara ukinzani, wati ni volti mara mkondo. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7, kwa hiyo fyuzi ya 5 inaungua na ya 13 inatosha. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja, birika hilo likiwaka robo saa limekula nusu uniti. Hapo hawakusumbuka, kila nyumba inajua uniti zinavyokwisha.

Palipowasumbua ni balbu mbili zinazofanana zilizofungwa kwa mfuatano. Binti kasema ya kwanza inawaka zaidi. Limetoka wapi? “Mtaani kwetu wa mwanzo wa bomba ndiye anayejaza ndoo. Wa mwisho anapata matone.” Mtaani kweli, lakini kule wa mwanzo anayachota maji na kuyapeleka kwake. Balbu haichoti mkondo. Mkondo ule ule unaopita ya kwanza ndio unaopita ya pili, kinachogawanywa ni volti. Tumefunga balbu mbili za tochi na betri: zote zimefifia sawasawa. Tukazifunga sambamba, zote zikang’aa. Tukachomoa moja, nyingine ikabaki inawaka, kama taa za nyumbani.

Wiki hii jioni tumepitia sayansi ya kukariri: vyumba vinne vya moyo, mifupa 206, sayari 8 tangu Pluto ilipovuliwa cheo mwaka 2006, kwa nini barafu inaelea. Na kwa nini maharage yanagoma kuiva juu ya Kilimanjaro. Kileleni, mita 5,895, hewa ni nyepesi na maji yanachemka kwenye nyuzi joto 80 hivi. Yanatokota, ila joto lenyewe halitoshi.

Jumamosi, 17 Agosti

Leo nimeaibika, na naandika yote.

Swali: mashua iko kwenye bwawa dogo, ndani yake kuna mzigo wa chuma. Chuma kikatupwa majini kikazama. Usawa wa maji ya bwawa unapanda, unashuka, au unabaki palepale? Nikasema bila kusita: unabaki palepale.

“Unashuka, Mwalimu,” akasema Ostadhi.

Nikambishia dakika kumi nzima, mbele ya wenzake, nikamtajia na Archimedes. Naye ni kijana wa adabu, alikuwa anainamisha kichwa, kisha anarudia: unashuka. Mwishowe binti akasema, “Tupime.” Beseni, maji, sufuria ndogo inaelea, ndani ya sufuria jiwe la mizani la kilo moja. Tukachora mstari wa kalamu usawa wa maji. Ostadhi akalitoa jiwe, akalizamisha taratibu, sufuria ikabaki inaelea tupu. Maji yakateremka chini ya mstari, wazi kabisa, hakuna pa kujitetea.

Kisha mpwa, kwa furaha asiyoificha: “Mjomba, jibu lako limetoka wapi?”

Nikajaza safu kama wao. Jibu langu limetoka kwenye barafu. Barafu inayoelea kwenye glasi ikiyeyuka, usawa haubadiliki, kwa sababu maji inayoyatoa ni sawa kabisa na maji iliyokuwa inayasukuma. Nililijua hilo toka shule na nikalivalisha chuma. Lakini chuma cha kilo moja kikiwa chomboni kinasukuma lita moja ya maji, maana chombo hulipa uzito wote. Kikiwa chini ya bwawa kinasukuma ujazo wake tu, kama lita 0.14. Tofauti ndiyo iliyoshuka kwenye beseni.

Ostadhi nilimwuliza yeye kajuaje. Wakitupa nanga, alisema, ngalawa inainuka kidogo, mstari wa maji ubavuni unaonekana. “Chombo kikiinuka kinaacha nafasi, na nafasi lazima maji yateremke kuijaza.” Bahari ni kubwa mno kuonyesha imeshuka, kwa hiyo hakuwahi kuuona huo mshuko. Aliufikiria tu kutokana na kile alichokiona ubavuni.

Jumamosi, 24 Agosti

Karatasi ya mwisho ya majaribio: mpwa 33, binti 33, Ostadhi 31.

Dakika 30 kwa maswali 40 ni sekunde 45 kila moja. Tumekubaliana njia: zamu ya kwanza unachukua yale unayoyajua kwa macho, ya pili yenye hesabu, ya tatu unakisia. Kukisia si dhambi kama hakuna alama zinazokatwa kwa kosa, na tangazo halisemi zinakatwa. Na kadiria kabla ya kuzidisha: 19.8 mara 5.1 ni mia hivi, na kati ya majibu manne mara nyingi ni moja tu lililo karibu na mia.

Tumegundua mtego wa kwetu wenyewe: saa. Swali linasema mkutano saa 10:00, na Ostadhi akaona jua la alasiri. Ukitafuta muda uliopita haidhuru, kutoka 7:30 hadi 13:15 ni saa 5 na dakika 45, na kutoka saa moja na nusu hadi saa saba na robo ni vile vile. Ukichanganya saa mbili za namna mbili kwenye swali moja ndipo unapopotea. Nimewaambia wasitafsiri chochote.

Jumatano, 28 Agosti

Hatusomi. Kalamu mbili kila mmoja, kitambulisho, nauli. Binti anaomba ubao wa vizibo alale nao nyumbani.

Alhamisi, 29 Agosti

Wamerudi saa nane mchana, nawasikia wanabishana tangu kona ya barabara. Wote wamemaliza karatasi, Ostadhi kakisia matatu ya mwisho. Makapi yalikuwepo, mahesabu ya asilimia yalikuwepo, jeki pia. Mashua haikuulizwa, na kwa hilo nimeshukuru.

Ubishi ni wa swali moja. Gia tatu zinazolingana, hazikupangwa kwenye mstari, zimekaa pembetatu, kila moja imeshikana na nyingine mbili. Ya juu inageuzwa kulia. Ya chini kushoto inazunguka upande gani? Majibu: kulia, kushoto, haizunguki. Mpwa kajibu kushoto. Anazo hoja: zinazoshikana hupingana, ya juu kulia, basi hii kushoto, na ubao wa vizibo ni shahidi. Ostadhi naye kajibu kushoto. Binti kajibu haizunguki.

Mpwa akamwambia hilo jibu la tatu limewekwa kuwanasa waoga. Binti hakujibu. Ameng’oa vizibo vitatu kwenye ubao wake, akavipigilia upya pembetatu, meno yameingiliana pande zote, akamsukumia.

“Geuza.”

Akageuza kwa kidole. Akabadilisha kidole. Akashika kwa koleo.

Ostadhi amechukua daftari na anatafuta safu.